Picha Iliyotundikwa Kwenye Kioo

Chumba kilikuwa kimoja, lakini kazi zilikuwa mbili. Upande wa mlango alikaa kinyozi na kiti chake cha kuzunguka. Upande wa ndani, nyuma ya pazia la maua, alikaa mkewe, msusi. Mume ananyoa, mke anasuka. Pazia lenyewe lilikuwa la heshima tu, maana halikuzuia maneno. Umbea ulioanzia upande huu ulimaliziwa upande ule.

Pazia hilo lilikuwa na upenyo. Msusi akiwa anasuka, aliinua macho akaona kioo kikubwa cha mumewe, na ndani ya kioo akaona mikono ya mumewe. Aliijua mikono ile. Wa kushoto huinamisha kichwa cha mteja polepole. Wa kulia hushika mashine, kisha wembe. Wateja walisema mkono wa kinyozi huyu ni mwepesi, unaweza kusinzia wembe ukiwa shingoni.

Jioni, baada ya kazi, kinyozi alikuwa golikipa wa timu ya mtaa. Huko walimwita Ukuta. Alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Hata mkewe alimwita hivyo, hasa akiwa na shida yake.

Siku moja Ukuta aliruka kuufuata mpira wa juu. Mpira aliutoa, hilo hakuna anayebisha. Lakini aliposhuka alitanguliza kiganja cha mkono wa kulia, na mwili mzima ukaja juu yake. Aliinuka amekunja uso. Mechi ilipokwisha, mkono ulikuwa umevimba upande wa kidole gumba.

Aliyempeleka hospitali alikuwa shemeji yake, mdogo wake msusi. Kijana huyu alikuwa winga wa timu hiyo hiyo, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo. Msusi alibaki nyumbani na watoto. Waliporudi, mkono wa Ukuta ulikuwa ndani ya plasta ngumu, kuanzia kidole gumba mpaka karibu na kiwiko. Kwapani alibana bahasha kubwa.

"Wamesemaje?" msusi aliuliza kabla hawajaketi.

"Mzima!" alisema Ukuta. "Nimepigwa eksirei. Picha safi. Hakuna kilichovunjika."

"Sasa kama hakuna kilichovunjika, plasta ya nini?"

"Tahadhari tu. Si unawajua watu wa hospitali? Ukienda na chunusi watakufunga kichwa kizima."

Winga alicheka. Msusi hakucheka. Alimtazama mdogo wake usoni, na mdogo wake akageuka haraka akaanza kucheza na watoto.

Siku za mwanzo Ukuta alitulia. Lakini kinyozi mwenye plasta ni sawa na mpishi asiye na moto. Wateja walichungulia mlangoni, wakatoa pole, kisha wakavuka barabara kwenda kwa kinyozi mwingine. Ukuta aliwahesabu kwa macho. Kila mmoja aliyevuka alimuuma kuliko mkono.

Asubuhi moja msusi alisikia mkasi. Kacha, kacha, kacha. Alidhani mumewe anampunguza mtoto nywele kwa mkono wa kushoto. Alipofunua pazia, haikuwa hivyo. Ukuta alikuwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe. Mkono ulikuwa juu ya meza. Plasta alikuwa ameilowesha kwa chupa ya kunyunyizia nywele, na sasa alikuwa anaikata.

"Baba watoto! Unafanya nini?"

"Ninainyoa," alisema Ukuta bila kuinua kichwa.

"Daktari amekuruhusu?"

"Daktari ameshaona picha. Picha ni safi. Mbona unatafuta ugonjwa kwa tochi?"

Plasta ilianguka vipande vipande sakafuni. Mkasi mzuri wa nywele ulipinda, ukawa haufai tena. Ukuta alikunja vidole, akavikunjua, akatabasamu. Lakini msusi aliona jasho kwenye mdomo wake wa juu, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

Sasa sikia alichofanya. Alichukua ile picha ya eksirei akaitundika kwenye kioo, karibu na taa, kila mtu aione. Mteja akiuliza habari za mkono, Ukuta anamgeuzia kiti. "Tazama mwenyewe. Unaona mahali palipovunjika?" Mteja, ambaye tangu azaliwe hajawahi kusoma eksirei, anasogeza uso, anakodoa, anatikisa kichwa kama profesa. "Safi kabisa. Mfupa wote umetulia." Basi duka zima likawa na madaktari, na hakuna hata mmoja aliyesomea udaktari.

Msusi alisuka, lakini macho yake yalikuwa kwenye upenyo wa pazia. Aliona mashine ikihamia mkono wa kushoto, kisha ikarudi kulia mteja alipogeuka. Aliona mumewe akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Alimwona akimeza vidonge vya maumivu, kisha akificha pakiti nyuma ya chupa ya spiriti. Kila alichokiona kilimkaa kifuani.

Mchana mmoja akaamua kumjaribu. Alimpa kopo la mafuta ya nywele.

"Nifungulie, vidole vyangu vina mafuta."

Ukuta alilipokea kwa mkono wa kulia. Alikaza. Alikaza tena. Kisha akalirudisha.

"Hili kopo limeharibika."

Msusi alichukua kopo, akalifungua mara moja, mbele yake. Ukuta alikwenda kufagia nywele, na msusi akarudi nyuma ya pazia akiwa na hofu kubwa zaidi. Mkono ule ndio uliowalisha. Mumewe hakuwa na kazi nyingine, na hakuwa na mkono mwingine wa kushika wembe. Ukilegea, je? Usipopona kabisa, je?

Kulikuwa na jambo jingine la kutia hofu. Fainali ya mtaa ilikuwa Jumamosi.

Siku mbili kabla ya fainali, mwenyekiti wa timu alikuja kunyolewa. Alikuwa mzee mnene, mpenda heshima, mwenye ndevu nyeupe za kuchongwa. Alikuja kunyolewa, lakini shida yake kubwa ilikuwa kuhakikisha golini atasimama Ukuta.

"Mkono vipi, Ukuta?"

"Picha hiyo hapo, mwenyekiti. Jionee."

Mwenyekiti alijionea. "Safi kabisa," alisema.

"Na leo jioni namleta mchuaji," alidakia winga, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akingoja zamu. "Atauvuta huo mkono mpaka ulie ko! Jumamosi shemeji anadaka hata nzi."

Nyuma ya pazia, msusi alikuwa anamsuka mteja mmoja, mwanamke mpole aliyekuwa akija kila mwezi. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za eksirei katika hospitali. Alikuwa likizo, amerudi jana yake tu. Aliposikia neno mchuaji, aliinua kichwa ghafla mpaka msusi akaachia kitana.

"Ni picha gani hiyo wanayoitazama?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Kabla msusi hajajibu, walisikia yowe.

"Sikio langu! Ukuta, sikio langu!"

Msusi aliruka nje. Mwenyekiti alikuwa ameshika sikio, na damu ilikuwa inapita katikati ya vidole vyake. Wembe ulikuwa sakafuni. Ukuta alikuwa amesimama tu, amekamata mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, midomo mikavu.

"Umeniponyoka," alisema. "Wembe umeniponyoka wenyewe."

Msusi alichukua pamba na spiriti, akamhudumia mwenyekiti. Jeraha lilikuwa dogo. Lakini msusi alijua wembe ule dakika moja tu kabla ulikuwa chini ya kidevu, kwenye shingo. Aliogopa mpaka machozi yakamtoka.

"Mungu amekusitiri," alimwambia mumewe. "Umekata sikio. Kesho utakata nini?"

Pazia likafunuka. Mpiga picha alitoka. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umesukwa vizuri, na upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona chui. Siku nyingine wangecheka. Leo hakuna aliyecheka. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo, akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Kaka, ulianguka vipi?"

"Nilitanguliza kiganja."

"Na hii picha ilipigwa lini?"

"Siku ile ile. Inakaribia wiki mbili sasa."

"Hawakukufunga plasta?"

Msusi alifungua droo, akatoa mkasi uliopinda, akauweka mezani.

"Aliinyoa," alisema.

Mpiga picha alisogea karibu. "Niruhusu niguse mkono wako. Nyanyua kidole gumba juu. Unaona kibonde kinachojitokeza hapa chini ya gumba, upande huu wa kifundo cha mkono?"

Alibonyeza kidogo tu, kwa ncha ya kidole.

"Yalaa!" Ukuta aliruka, golikipa mzima, macho yakajaa maji.

"Mimi si daktari," alisema mpiga picha. "Mimi kazi yangu ni kupiga picha, daktari ndiye anayekupima na kukutibu. Lakini mahali hapo pana mfupa mdogo sana. Mtu akiangukia kiganja, mfupa huo huweza kupata ufa. Na ufa wake ni mjanja. Siku za mwanzo mara nyingine hauonekani kwenye eksirei. Unaanza kuonekana baada ya siku kumi au wiki mbili. Ndiyo maana mtu hufungwa plasta hata kama picha haina kitu, halafu huambiwa arudi. Wewe hukuambiwa urudi?"

"Mimi nilisikia picha ni safi," alisema Ukuta.

Wote wakamgeukia winga. Winga alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mdogo wangu," msusi aliita. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulikuwepo. Daktari alisemaje?"

"Alisema..." Winga aliinama kufunga kamba za viatu. "Alisema picha haionyeshi kuvunjika. Lakini akasema ana wasiwasi na hapo kwenye gumba. Akasema afungwe, asicheze, arudi baada ya wiki mbili apigwe picha nyingine."

"Ehe! Na nyinyi mkabeba nusu ya kwanza, nusu ya pili mkaiacha hospitali!"

"Dada, fainali..."

"Fainali? Fainali ndiyo itakayowalisha wanangu?"

Winga, yule mwepesi wa mdomo, alijisogeza mwisho wa benchi.

Ukuta aliketi kwenye kiti cha wateja. Bado alitaka kubisha, maana ubishi hautoki kwa siku moja. "Lakini dada, picha ni picha. Picha inaweza kudanganya?"

"Haikudanganya. Imeonyesha ilichoweza kuona siku ile." Mpiga picha alitazama huku na huku, akaona kioo kidogo cha mkononi kimelala kando ya mashine. "Kaka, ukimaliza kunyoa mtu, unamwonyesha kichwa kwa kioo gani?"

"Kwa hiki kikubwa."

"Na kisogo?"

"Kisogo hakionekani hapo. Nashika hiki kidogo kwa nyuma."

"Kioo kikubwa ni kibovu?"

"Hapana. Ila hakifiki nyuma." Alitazama kioo kidogo, kisha picha, kisha mkono wake. Msusi alimwona jinsi uso ulivyobadilika.

"Umenielewa," alisema mpiga picha. "Eksirei huona mifupa vizuri. Mfupa ukivunjika waziwazi, au ukihama mahali pake, utaonekana. Lakini misuli haioni vizuri. Kano zinazoshika mifupa pamoja haizioni vizuri. Mchezaji anaweza kuchanika ndani ya goti, eksirei ikawa haina kitu."

"Sasa hapo wanatumia nini?" aliuliza mwenyekiti, pamba imeng'ang'ania sikioni.

"Inategemea. Ipo ultrasaundi, ile ya kupaka mafuta baridi na kupitisha kifaa juu ya ngozi. Hiyo huona misuli na kano za karibu na ngozi, hata zikiwa zinatembea."

"Mimi nilipigwa hiyo nilipochanika paja," winga alisema kwa sauti ndogo.

"Ipo MRI, mashine ya sumaku. Hiyo huona ndani ya goti, bega, hata ufa wa mfupa uliojificha. Ukiingia humo unaacha nje saa, pete na kila chuma. Na kama una chuma mwilini, unasema mapema. Ipo CT skani, ambayo huutazama mfupa kipande kwa kipande, kama mtu anavyokata mkate. Si kila hospitali inazo zote."

"Si wapige zote siku ya kwanza, tumalize?"

"Hapana, mzee wangu. Daktari kwanza anauliza umeumiaje. Anabonyeza, anageuza, anatazama. Halafu anachagua. Wengine hawahitaji picha hata moja. Eksirei na CT zina mionzi. Hatuziogopi, lakini hatuzichezei. Na picha peke yake haitoshi. Picha ikisema mzima na mkono ukisema unauma, usiache kuusikiliza mkono."

Msusi aliuliza swali alilokuwa amelificha siku zote. Lilimtoka kwa shida. "Na kama ufa upo, halafu hautibiwi?"

Mpiga picha alimjibu kwa upole, lakini hakumficha. "Mfupa huo hupata damu kwa upande mmoja zaidi. Ukikatika, upande wa pili unaweza kukosa damu. Usipotulizwa, hauungi. Sehemu yake inaweza kufa. Mtu anabaki na maumivu, na nguvu ya kushika inapungua. Na huyo mchuaji asiuguse mkono huu. Kuvuta mfupa wenye ufa ni kuuongeza ufa."

Mwenyekiti aliinuka, akavua kitambaa cha kunyolea shingoni. Upande mmoja wa ndevu ulikuwa umechongwa, wa pili bado.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Na mimi ukuta mwingine sina. Kesho nenda hospitali. Jumamosi golini atasimama huyu mdomo wazi." Akamnyoshea kidole winga.

"Mimi? Mimi winga!"

"Ulikuwa winga."

Kesho yake duka lilifungwa. Msusi alifuatana na mumewe, akabeba ile picha ya kwanza. Mpiga picha alikuwa amewaambia waje nayo, ili daktari alinganishe ya zamani na mpya. Walikaa kwenye benchi refu la korido, mbele ya mlango mzito wenye taa nyekundu juu. Taa ikiwaka, hakuna kuingia. Kila mlango ulipofunguka, msusi alishtuka.

Ukuta alikuwa akitazama sakafu.

"Nilijua unauma," alisema ghafla. "Tangu siku ile nilijua si wa kawaida."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Niliogopa. Nilisema nikirudi wataniambia jambo baya. Nikaona bora nibaki na neno zuri la kwanza."

Msusi alitaka kumkaripia. Alikuwa na maneno mengi aliyoyaweka tayari tangu jana. Badala yake alimshika mkono wa kushoto. "Hofu yako ulinitupia mimi, Ukuta. Nimeibeba peke yangu nyuma ya pazia."

Mlango ulifunguka. Alikuwa yule yule mpiga picha, sasa amevaa koti la kazi, nywele zote zimesukwa. Aliwasalimu, akamwita Ukuta. Msusi akainuka naye.

"Dada, wewe subiri hapa," alisema mpiga picha. "Na swali hili tunamuuliza kila mwanamke anayekaribia mlango huu: una ujauzito, au unahisi unao?"

"Mimi?" Msusi alimtazama mumewe. "Huyu mtoto mmoja ananitosha."

Benchi zima likacheka, na Ukuta mwenyewe akacheka kidogo. Lakini taa nyekundu ilipowaka, kicheko kilikwisha.

Ndani, mpiga picha aliuweka mkono juu ya meza baridi. Akaulaza, akaupiga picha. Akauinamisha pembeni, akaupiga. Akaukunja kuelekea kidole cha mwisho, akaupiga tena. "Mfupa huu unajificha nyuma ya wenzake," alimweleza. "Lazima tuuvizie kwa kila upande. Usitikisike."

Baadaye daktari aliwaita wote wawili. Picha mpya ilikuwa kwenye skrini, na picha ya kwanza kwenye kisanduku cha mwanga kando yake. Daktari alionyesha kwa ncha ya kalamu.

"Mnaona hapa?"

Walisogea. Watu hawa wawili walikuwa wametumia maisha yao kutazama nywele, basi waliuona mara moja. Ulikuwa mstari mwembamba, mweusi, umepita katikati ya mfupa mdogo kama unywele ulioanguka juu ya karatasi.

"Ni ufa," alisema daktari. "Swali sasa ni moja. Je, vipande viko mahali pake, au vimehama? Kama vimehama, itabidi tufikirie upasuaji na skrubu ndogo. Nenda upigwe CT, tuone vizuri."

Msusi alisikia neno upasuaji, mengine hakuyasikia. Hakukumbuka walivyofika chumba cha CT. Alikumbuka tu kungoja. Alikaa akikunja na kukunjua pindo la kanga yake, akawaza wembe, shingo za watu, watoto, kiti cha kuzunguka kinachokaliwa na vumbi. Aliomba dua zote alizozijua, kisha akazirudia.

Walipoitwa tena, daktari aliitazama skrini muda mrefu kupita kiasi. Au labda msusi ndiye aliyeona hivyo.

"Havijahama," alisema daktari.

Msusi alikaa chini bila kuambiwa akae.

"Mna bahati," daktari aliendelea. "Ungedaka mpira kesho, au huo mkono ungevutwa na mchuaji, labda ningekuwa na habari nyingine. Tunakufunga plasta upya. Utakaa nayo wiki nyingi, huenda miezi miwili au mitatu. Tutakuwa tunatazama kwa picha kama mfupa unaunga. Plasta itatoka mimi nikisema itoke."

"Na mikasi yote nitaificha," alisema msusi.

Kwenye fainali timu ilifungwa mabao manne. Winga alirudi amevimba paji la uso, maana bao moja liliingia kupitia kichwa chake. Mtaani walimpa jina jipya, Pazia, kwa sababu halizuii kitu.

Nyumbani mambo yalibadilika. Pazia la maua lilivutwa likafungwa pembeni. Msusi alishika mashine, akaanza na vichwa vya watoto, kisha vijana. Ukuta aliketi kando, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, akaelekeza. "Polepole hapo. Fuata nywele zinakolala." Siku za mwanzo vichwa vilitoka na mabonde. Baadaye vikatoka vizuri, na wateja wakaanza kuvuka barabara kurudi. Zipo siku alizochoka mpaka akasinzia na kitana mkononi. Zipo siku Ukuta alinuna, akisema plasta inamwasha, na macho yake yakatafuta mkasi. Msusi alimwonyesha kidole tu, akatulia.

Picha ya tatu ilipopigwa, ule unywele ulikuwa umefifia. Picha ya mwisho ilipopigwa, daktari aliutafuta na kalamu yake, kisha akaweka kalamu chini. Mfupa ulikuwa umeunga. Plasta ilitolewa kwa mashine yake, siyo kwa mkasi wa nywele. Mkono ulitoka mwembamba, mkavu, umekakamaa. Ukuta alipewa mazoezi ya kuunyosha na ya kukamua sponji laini. Aliyafanya kila siku bila kusukumwa. Asubuhi aliyofungua kopo la mafuta kwa mkono wa kulia, alilifunga, akalifungua tena, kisha akamwita mkewe aone.

Daktari alipomruhusu kushika wembe, mteja wa kwanza aliingia mwenyewe akaketi. Alikuwa mwenyekiti.

"Nyoa," alisema, na akafumba macho. "Sikio moja lina alama tayari. Ukikosea, tafadhali kata hilo hilo."

Ukuta alinoa wembe. Msusi aliacha kusuka. Hakukuwa na pazia tena, alimtazama waziwazi. Wembe ulishuka kwenye shavu, ukapita chini ya kidevu, ukazunguka sikio. Alishika pumzi mpaka akasahau kuitoa. Kisha akasikia sauti ya ajabu. Mwenyekiti alikuwa anakoroma.

Ukuta alimwamsha taratibu, akashika kioo kidogo nyuma ya kisogo. "Tazama huku na huku, mwenyekiti. Kioo kimoja hakitoshi."

Kabla mwenyekiti hajajibu, mlango ulisukumwa. Winga aliingia na viatu vya mpira, ametoka mazoezini, mkono wa kushoto ameukumbatia kifuani.

"Si kitu," alisema haraka. "Nimeteleza. Nimeangukia kiganja. Kesho kutwa tuna mechi."

Ukuta aliweka kioo chini. Alimshika mkono, akamnyanyua kidole gumba, akabonyeza kibonde kile kwa ncha ya kidole.

"Yalaa, shemeji!"

"Hospitali," alisema Ukuta. "Sasa hivi. Na wakikufunga, fungika. Wakisema urudi, rudi. Ngoja nivue koti, nikupeleke."

"Kaa chini," alisema msusi.

Alikuwa ameshavua aproni. Mkoba ulikuwa begani, kanga imefungwa vizuri.

"Safari hii naenda mimi," alisema. "Nyinyi wawili mkienda, mnarudi na nusu ya maneno."